Kalamu ya Jaji Mbilu na Ncha Isiyo Yake

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Leo sina sungura wala jini. Nina kesi, na mahakimu ni ninyi. Sikilizeni mpaka mwisho ndipo mseme, maana mimi mwenyewe nimeigeuza kichwani kila upande na bado hainipi usingizi.

Katika mji mmoja wa milimani, kule Usambara, palikuwa na watu watatu waliokuwa na vipawa.

Wa kwanza ni Mzee Kilua, fundi wa saa na kalamu za wino. Kipawa chake kilikuwa macho. Ungeweza kusimama mlangoni kwake saa ikiwa bado mkononi mwako, naye akakuambia kwamba mshale wa dakika si wa saa hiyo, umetolewa kwa saa nyingine. Ukienda kuuliza kwa aliyekuuzia, unakuta ni kweli.

Wa pili ni Shehoza, aliyekuwa mkalimani wa mahakama. Kipawa chake kilikuwa masikio. Enzi zake majaji waliandika ushahidi wote kwa mkono, tena kwa Kiingereza. Shahidi akisema kwa Kishambaa, Shehoza hufasiri sentensi moja, hunyamaza, husubiri kalamu ya Jaji ifike mwisho wa mstari, ndipo afasiri nyingine. Kazi yake kwa miaka mingi ikawa ndiyo hiyo, kusema na kuisikiliza kalamu. Uzeeni presha ya macho ilimpofusha, lakini masikio hayakumtupa.

Wa tatu ni Yunisi, aliyekuwa mhudumu wa ofisi ya Jaji. Kipawa chake kilikuwa vidole. Kila asubuhi aliosha kalamu ya Jaji na kuijaza wino huku akizungumza na watu, bila kuiangalia. Ukimpa nguo iliyotiwa kiraka na fundi hodari, atafumba macho, atapapasa, atakuonyesha kiraka kilipo.

Hao ndio watatu. Sasa wasikieni waliowakutanisha.

Jaji Mbilu alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti, aliyeheshimiwa hadi mabondeni. Mwaka wa ile njaa watu walipokula ugali wa yanga, ule unga wa mahindi ya njano, aliletewa kesi ya Singano, mpasuaji mbao. Mwenye duka mmoja alikutwa ameuawa, na panga lenye damu likakutwa karibu na kibanda cha Singano. Singano alikana. Alikana polisi, alikana mahakamani, alikana mbele ya mkewe. Shahidi mmoja alisema alimwona. Jaji Mbilu akamhukumu kunyongwa. Singano akapelekwa gereza la mbali, akakaa huko zaidi ya mwaka akisubiri rufaa, rufaa ikashindwa, akanyongwa. Akazikwa huko huko. Mkewe, Mwanaheri, hakuletewa maiti wala hakuonyeshwa kaburi.

Miaka ikapita. Mtu mmoja wa kijiji cha jirani aliugua ugonjwa wa kufa, akawaita wazee na kukiri kwamba mwenye duka alimwua yeye, na panga alilitupa yeye. Alipomaliza kukiri hakukaa sana, akafa. Habari ikamfikia Jaji Mbilu, ambaye wakati huo alikuwa amestaafu na anaishi katika nyumba yake ya mawe iliyozungukwa na mivinje. Kuanzia siku hiyo hakutoka tena kwenda kanisani wala sokoni.

Aliyemuuguza mpaka mwisho ni binti yake, Penina. Katika siku zake za mwisho Jaji alimshika mkono akamwambia neno moja tu kuhusu kesi ile. Alimwambia kwamba siku aliyomhukumu Singano, ncha ya kalamu yake aliivunja kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu moyo haukumpa. Hakueleza zaidi. Penina akalibeba neno hilo kama dawa. Siku ya mazishi, alipomwona Bi Mwanaheri amesimama mbali na watu, alimfuata akampa lile neno, akidhani anampa faraja.

Bi Mwanaheri alimsikiliza, akaitikia kwa kichwa, akaenda zake. Lakini baada ya arobaini alirudi. Alikaa sebuleni bila kugusa chai, akauliza kama kalamu yenyewe bado ipo. Penina akaenda kuitoa kwenye mtoto wa meza, imefungwa kwenye kitambaa. Ilikuwa kalamu nene, nyeusi iliyoanza kugeuka kahawia, yenye pete ya dhahabu shingoni. Na ncha yake ilikuwa nzima. Ya dhahabu, inang'aa, haina hata mkwaruzo.

Wanawake wale wawili waliitazama. Kisha Bi Mwanaheri akasema, "Mwanangu, hii haijavunjika."

Penina aliona haya kama mtu aliyekamatwa na uongo usio wake. Basi ama baba yake alidanganya akiwa anakufa, ama ncha ilibadilishwa. Na kulikuwa na jambo jingine alilokuwa hajamwambia mtu. Tangu Jaji azikwe, kila ukungu wa alasiri uliposhuka na kuifunika mivinje, chumba cha kuandikia kilitoa sauti. Krr, krr, kituo. Krr, krr, kituo. Sauti ya kalamu juu ya karatasi. Akifungua mlango, hakuna mtu, na mtoto wa meza umefungwa. Mara mbili tatu alikuta kile kitambaa kina doa bichi la wino, ilhali kalamu yenyewe hakuna aliyeijaza. Msichana wa kazi aliaga kwenda kumwona mama yake, hakurudi.

Ndipo Penina akawaita wale watatu katika chumba kile. Akawaambia mbele ya Bi Mwanaheri kwamba anataka kujua kipi katika kalamu hii ni cha asili na kipi si chake, na kama kuna kilichobadilishwa, kilibadilishwa lini na kwa nini. Kisha akatoa ahadi. Alisema hawezi tena kukaa nyumba moja na kitu hiki. Atakayempa ukweli, aondoke na kalamu, iwe mali yake.

Mzee Kilua ndiye aliyeanza. Aliipeleka kalamu dirishani, akabana kioo chake jichoni. Alianza na mwili na kifuniko. Alisema kalamu za namna hii zilitengenezwa kwa mpira mgumu, na mpira huo ukipigwa na mwanga miaka mingi hupauka. Mwili na kifuniko vilikuwa vimepauka sawasawa, na mistari iliyochongwa kwenye kifuniko ilikutana na ya mwilini bila kupishana. Kwa hiyo vimezeeka pamoja. Kishikizo cha kubana mfukoni ni chake, maana chini yake mpira ulikuwa bado mweusi, haujawahi kuguswa na jua. Pete ni yake. Kifuko cha wino cha ndani kilikuwa kimekauka na kupasuka, na hapo Mzee Kilua alisita akakitazama tena kile kitambaa chenye doa.

Kisha akachomoa ncha polepole pamoja na ulimi wake, kile kipande cheusi kinachokaa chini ya ncha na kuiletea wino. Akavitenganisha. Akamwita Penina aangalie kwa kioo. Juu ya ulimi palikuwa na umbo lililopauka kwa namna yake, umbo la ncha, lakini lenye mabega mapana kuliko ncha iliyokuwepo. Ni ncha nyingine iliyolala hapo miaka mingi mpaka ikaacha kivuli chake.

"Hii ncha ni mgeni," Mzee Kilua alisema. "Mwenye nyumba ni huyo unayemwona kivuli."

Penina alifunika uso. Baba hakudanganya, alisema. Lakini Bi Mwanaheri akatikisa kichwa. Alisema ncha za kalamu huharibika, watu hubadilisha. Nani anajua kama ilikuwa siku ile, au miaka kumi kabla, au juzi tu?

Mzee Kilua alikiri kwamba macho yake hayajui siku.

Ikawa zamu ya Shehoza. Aliomba ncha irudishiwe mahali pake, kalamu ichovywe wino, na Penina aandike chochote, taratibu. Penina akaandika jina lake mwenyewe. Shehoza aliinamisha kichwa. Akasema ncha hii ni bubu. Ile aliyoijua ilikuwa na kimluzi chembamba kila Jaji alipovuta mstari kwenda juu, kama mtu anayepuliza kupitia meno. Wakili mmoja aliwahi kulalamika kuwa kinamkera. Shehoza alikumbuka kwamba kimluzi kilikuwepo kesi nzima ya Singano, kilikuwepo asubuhi ya hukumu, na kilikuwepo Jaji alipotia saini. Kikao kilichofuata, Jaji alianza kuandika, na Shehoza akapoteza mahali pa kunyamaza, kwa sababu kalamu haikumwambia tena mstari unaishia wapi. Ilibidi ajifunze upya.

Alikuwa bado anaeleza hayo ukungu uliposhuka. Dirisha likawa jeupe. Kalamu ilikuwa mezani, mbele ya macho yao, ncha huku na ulimi kule, Mzee Kilua amekwisha kuvichomoa tena. Na sauti ikaanza.

Krr, krr, kituo. Krr, krr, kituo.

Hakuna aliyesogea. Yunisi alishika ukingo wa kiti. Shehoza aliinua mkono kuwanyamazisha, ingawa hakuna aliyekuwa akisema, akasikiliza kwa uso uleule aliokuwa nao mahakamani siku zote. Iliponyamaza alikuwa analia.

"Ina mluzi," alisema. "Ni ile ya zamani."

Hatimaye Bi Mwanaheri, ambaye hakuonekana kuogopa hata kidogo, akasema kwamba sasa anaamini ncha ilibadilishwa baada ya hukumu. Lakini kalamu huanguka. Mtu mwenye mawazo huangusha vitu. Kuanguka si kuvunja. Kama iliponyoka tu mkononi, basi lile neno la Jaji lilikuwa hadithi aliyojitungia ili afe vizuri.

Shehoza alisema masikio yake hayakuwa katika nyumba hii siku hiyo, hayajui.

Ndipo Yunisi akaichukua kalamu. Alifumba macho. Alipitisha ukucha kwenye ncha ya ule ulimi, akasema umepondeka, umesukumwa nyuma kama msumari uliopigwa ubapa. Alipitisha kidole gumba shingoni mwa kalamu, akasimama mahali, akarudi, akasimama tena. Alisema pana ufa mwembamba kama uzi, umezunguka shingo yote, wino umeujaza ndiyo maana jicho haliuoni. Kalamu ikianguka, ncha hupinda na mambo huishia hapo, kwa sababu kuanguka ni pigo moja. Hii ilipigwa, kisha ikakandamizwa na mtu ambaye hakuacha kukandamiza.

Halafu akafanya jambo ambalo hakuna aliyemwomba. Alikwenda kukaa kwenye kiti cha Jaji, akaweka viganja juu ya meza na kuanza kuipapasa juu ya kitambaa cha kijani kilichotandikwa. Upande wa mkono wa kulia alisimama. Akaomba kitambaa kitolewe. Chini yake, katika mbao, palikuwa na tundu dogo. Mzee Kilua alileta kibano chake na kioo, akainama, akatoa ndani ya tundu lile kipande cha dhahabu kidogo kuliko punje ya mtama. Ncha ya ncha ya Jaji Mbilu. Ilikuwa imekaa humo tangu mwaka wa yanga.

Penina alipiga magoti palepale penye kiti, akalia kama alivyokuwa hajalia siku ya mazishi. Alisema baba yake alikuwa na moyo. Alisema alikuwa mtu, hakuwa jiwe.

Bi Mwanaheri alingoja mpaka kilio kikapungua. Hakukuza sauti.

"Basi alijua," alisema. "Alijua siku ileile, na mume wangu alikuwa hai. Alikaa hai zaidi ya mwaka. Mwaka wote huo baba yako alikuwa na ncha mpya, mwanangu, na hakuandika nayo neno moja la kumtetea."

Penina akainua uso akamtazama. Nadhani hapo ndipo alipoelewa kwamba jambo alilomkimbizia mjane siku ya mazishi kama faraja lilikuwa nini hasa. Hakuomba msamaha kwa niaba ya baba yake; alisema hana haki hiyo. Alimkamata tu mkono yule mama, na yule mama hakuuondoa mkono wake, wala hakuubana.

Ukweli ukawa umepatikana. Ikabaki ahadi.

Mzee Kilua alisema kalamu ni yake. Bila macho yake wangeendelea kuamini kwamba ncha ile ni ya asili, na kazi yote isingeanza. Alisema hataiuza. Ataiweka kabatini kwake pamoja na kile kipande cha dhahabu, ili asije mtu akaitia ncha nyingine na kuitembeza kama kitu kizima kisichowahi kufanya lolote.

Shehoza alisema ni yake. Bila masikio yake, kubadilishwa kwa ncha kungekuwa jambo lisilo na tarehe, na jambo lisilo na tarehe halimshtaki mtu. Kisha akasema alilolificha. Siku ya hukumu yeye ndiye aliyemfasiria Singano kwa Kishambaa kwamba atanyongwa. Singano alimgeukia akamuuliza kwa upole, "Umefasiri sawa?" Naye akajibu kwamba amefasiri sawa. Alisema maneno yale yalipita katika vitu viwili tu, kinywa chake na kalamu ile. Anataka vikae pamoja.

Yunisi alisema ni yake. Bila vidole vyake, lingebaki lile neno la kuanguka, na wangeondoka hapo wakimwita marehemu mwongo. Na asubuhi ile ya hukumu, kama asubuhi zote, yeye ndiye aliyeiosha kalamu na kuijaza; kuanzia kesho yake Jaji aliiosha mwenyewe. Alisema wino uliomwua Singano ulipita vidoleni mwake, akiwa anacheka na karani juu ya bei ya sukari. Kila alipoosha vyombo tangu mtu yule wa kijijini akiri, alikuwa akiviosha mara ya pili. Anataka kuiosha kalamu hiyo, aikaushe, aitunze, ajue imekauka.

Penina aliwasikiliza, akaona wote wanasema kweli. Ukimtoa mmoja, ukweli unaanguka. Na ahadi ilitolewa kwa mmoja.

Hapo Bi Mwanaheri akasema kwamba yeye hakufanya lolote. Hakuona kitu, hakusikia kitu, hakupapasa kitu. Lakini anaiomba kalamu. Nyumbani kwao, karibu na makaburi ya wakwe zake, kuna mahali alipopaacha wazi miaka yote akingoja maiti ambayo hataletewa. Anataka kuchimba hapo, aizike kalamu, watu wasome dua, apande ua, awe na mahali pa kwenda.

Mzee Kilua, kwa heshima zote, alimkumbusha kwamba ncha iliyotia saini haimo tena katika kalamu hii. Kilichobaki chake ni chembe tu. Atakuwa anazika mwili uliobaki, si kile kilichoandika.

"Baba," Bi Mwanaheri alimjibu, "na mimi nikiletewa mifupa ya Singano leo, nitaletewa kilichobaki tu. Nitaikataa?"

Mzee Kilua alivua kioo chake akakitia mfukoni. Nje ukungu ulikuwa haujapanda, na wote watano walikuwa wakisikiliza kama sauti itarudi. Penina alikuwa ameishika ile kalamu kwa mikono miwili. Akamtazama mmoja baada ya mwingine, na kila aliyemtazama aliona anastahili.

Haya, waungwana. Wawili watasema macho, watatu watasema masikio, wengine vidole, na yuko atakayesema mjane, ingawa ahadi haikumhusu. Msiitikie pamoja, kila mmoja anipe lake na sababu yake. Kalamu ingekuwa mikononi mwako, na watu wale wanne wamekaa mbele yako, ungemkabidhi nani?